Mtoto wa Kasha

"Mirashi ya fedha, jozi kamili! Nani ananifungulia bei?"

Dalali Msabah alikuwa amepanda juu ya sanduku la chai, kofia imemkaa upande, jasho linamtiririka mpaka kwenye shingo ya kanzu. Mbele yake, katika ukumbi wa chini wa nyumba yake ya mnada pale Kiponda, walikaa watu wale wale wa kila Jumatano: wafanyabiashara wa Kihindi wasiosema neno, wanaoongeza bei kwa kugusa kofia zao, na Mzungu mmoja aliyeweka chapeo yake magotini. Nyuma yao walisimama watu wa mjini, waliokuja si kununua bali kutazama nani safari hii kaishiwa. Mirashi ile waliijua. Wengi wao walishawahi kunyunyiziwa marashi yake katika maulidi ya nyumba moja ya Shangani, wakala na pilau ya mwenyewe. Sasa waliitazama ikiuzwa, wamenyamaza kwa adabu, na wengine wanafurahi kimoyomoyo.

Inspekta Borafya Silima alisubiri mlangoni mpaka nyundo ikagonga. Alikuwa mtu wa Tumbatu, mrefu, mkavu wa maneno, na mnada hakuupenda hata kidogo. Tangu mikarafuu ilipoanza kufa mashambani, nyumba za mawe zilikuwa zikitoa vyombo vyake kimoja kimoja kwa mlango wa nyuma, na kila kilichotoka kilipita mikononi mwa Msabah kabla ya kupanda meli.

Mirashi ilichukuliwa na Mzungu. Msabah aliteremka sandukuni, akijifuta uso.

"Bwana Inspekta, ikiwa umekuja kwa lile kasha, mie nshamwambia kila kitu askari wako."

"Niambie na mimi. Na kasha nataka kuliona."

"Lishapigiliwa mbao. Mnunuzi Mzungu kalipa, na Jumamosi linapanda meli."

"Basi mbao zing'olewe."

Msabah alitaka kubisha, akamtazama usoni, akaacha. Wakaingia ghalani.

Lilikuwa kasha la msaji, limepigwa misumari ya shaba ubavu mzima, kazi ya mafundi ambao hata makaburi yao hayajulikani tena. Mwenyewe alikuwa Bi Mwanapili wa Mkunazini, mjane wa marehemu Mzee Hija. Mzee Hija alikuwa hajatimiza arubaini kaburini, na Bi Mwanapili alikuwa kizuka, amekaa eda ghorofani, hatoki wala haonani na wanaume. Kasha lilikuwa chumba cha chini. Mchana kweupe likatolewa, likapelekwa mnadani, likauzwa, naye hana habari, mpaka jirani aliyekuja kumpa pole alipomuuliza ilikuwaje kuuza vyombo na udongo wa kaburi haujakauka. Siku ile ile alipeleka habari polisi na mwizi akamtaja kwa jina: Muhiddin, mtoto wa mumewe kwa mke mwengine. Muhiddin sasa alikuwa mahabusi. Na mkuu wa Inspekta, Mwingereza asiyependa kusumbua meli, alikuwa ameshasema lake. Mlalamikaji akisimama na madai yake, kasha litazuiliwa. Akilegea, litakwenda zake.

"Nani aliyekuletea?" Inspekta aliuliza.

"Mwenyewe. Bi Mwanapili."

"Ulimwona?"

"Nimwone vipi, Bwana? Mwanamke na buibui lake, uso kaufunika. Kaja asubuhi, mchukuzi na gari la mkono nyuma yake. Nkamwambia, Bi, samahani, mie siuzi kitu mpaka nijue chatoka kwa nani. Akasema, wataka ushahidi? Tazama. Akatia mkono ndani ya kasha, akabonyeza, mtoto akatoka."

"Mtoto wa siri? Kisaraka cha ndani?"

"Wa siri hasa. Mie na umri wangu huu katika kazi hii, sikumjua kama yumo. Mwizi atajuaje? Nkaridhika."

Inspekta alifunua kasha, akainama, akabonyeza msumari mmoja mmoja, juu na chini. Akagonga mbao kwa kifundo cha kidole na kusikiliza. Hakuna kilichotoka. Msabah alimtazama kwa raha kidogo.

"Hata mie nmejaribu tokea siku ile. Alinikingia mgongo."

"Mkono wake uliuona?"

"Mkono niliuona. Mkono wa mtu wa nyumbani, si wa kazi. Hina imekoza mpaka nyeusi, na kucha zake hivyo hivyo."

"Una hakika ni hina?"

"Bwana, mie kazi yangu kutazama vitu. Sahani ya kale naijua kwa kuipitisha kidole. Hina nisiijue?"

"Alipomfungua mtoto, alisema kitu?"

"Maneno ya kike tu. Alicheka kidogo, kisha sauti ikamkauka."

"Yaseme kama alivyoyasema."

Msabah alifumba macho. "'Hapa ndipo nilipokuwa nikiwekewa kashata.'"

"Nikiweka, au nikiwekewa?"

"Nikiwekewa. Nlimsikia vizuri. Kwani ina tofauti gani?"

Inspekta alifunika kasha, akajipangusa vumbi mikononi.

"Msabah, Bi Mwanapili yumo katika eda."

"Najua. Nlimpa mkono wa pole kwa maneno, palepale."

"Kizuka gani wa mji huu umewahi kusikia katoka, tena katia hina?"

Mama wa Dalali, dada zake na shangazi zake wote walishakaa eda. Alijua, kama ajuavyo kila mtoto wa Unguja, kwamba kizuka hatii hina, hajifukizi udi, hapaki wanja. Alikuwa amempa pole ya kufiwa mwanamke mwenye mikono ya harusini, na wala hakushtuka.

"Wallahi," alisema kwa sauti ndogo, "nlikuwa natazama kasha."

"Hilo naliamini," alisema Inspekta, na hakulisema kwa wema.

*

Muhiddin alikuwa msimamizi wa vibarua katika shamba la serikali Kizimbani, na mahabusi hakukumbadilisha hata kidogo. Alikuwa na jeuri ile ile.

"Kasha nililitaka," alisema kabla hajaulizwa. "Andika. Nlisema matangani, mbele ya watu, vitu vya baba vigawanywe kwa sheria. Mie mwanamme, fungu langu mara mbili ya la dada yangu Sichana. Nani asingelitaka?"

"Mtoto wa kasha anafunguliwa vipi?"

"Mtoto wa nini? Kasha nalo linazaa?"

Inspekta alimkazia macho. Muhiddin naye akamkazia. Hakuwa akicheza.

"Ungeweza kumtuma mwanamke akuuzie."

"Nimtume aseme nini? Lile kasha mie nalijua kwa nje tu. Nlipokuwa mdogo nikija kumwamkia baba, nikikalishwa ukumbini juu ya mkeka, nikipewa maji, nikirejeshwa kwa mama yangu. Ndani wakiingia wenyewe. Kashata za nyumba ile, Bwana Inspekta, mie nikizisikia harufu."

Inspekta hakuwa amelitaja neno kashata. Alimwuliza polepole, "Kashata gani?"

"Si Bi Mwanapili akipika? Mtaa mzima ulijua. Akimpikia binti yake. Akizificha, kwa vile mtoto mlafi na baba mkali."

"Akizificha wapi?"

"Ntajua wapi, na mie niko mkekani?"

Bibi mwenye kasha angesema *nikiweka*. Aliyesema *nikiwekewa* ni yule aliyekuwa akienda kuzichukua. Inspekta alimwita mlinzi afunge mlango. Hakumwambia Muhiddin kitu.

*

Kule Mkunazini, Sichana ndiye aliyemfungulia Inspekta mlango. Alikuwa binti wa pekee wa Bi Mwanapili, ameolewa, na ameiacha nyumba ya mumewe kwa muda ili amtumikie mama yake mpaka eda imalizike. Mikono yake ilikuwa imefichwa ndani ya kanga, ingawa siku ilikuwa ya joto.

Ghorofani palitundikwa pazia zito. Inspekta alikaa upande wa huku, kizuka alikuwa upande wa kule, na kati yao palisikika tasbihi ikihesabiwa.

"Shikamoo, Bi Mkubwa."

"Marahaba, mwanangu. Kasha langu limepatikana?"

"Limeonekana. Kupatikana bado. Muhiddin asema ni mali ya marehemu, limo kwenye mirathi."

"Muhiddin hajui kitu!" Sauti ya kule ilikuwa kali kuliko alivyotazamia. "Lile ni mahari yangu. Baba yake kanipa mbele ya mashahidi. Halimo katika mirathi, wala halijapata kuwamo. Atagawa nini? Nimemwekea mwanangu Sichana. Lake. Hata mwenyewe sijamwambia, naona kama kujitabiria kifo."

Nyuma ya Inspekta kikombe kilianguka, kikavunjika.

Sichana alikuwa amesimama na sinia ya kahawa. Akapiga magoti kuokota vigae, na kanga ikamtoka mikononi. Hina ilikuwa imeanza kupauka viganjani, lakini kwenye kucha bado nyeusi.

"Hina nzuri," alisema Inspekta. "Ya harusi?"

"Ya harusi ya Time, shoga yangu wa Ng'ambo," alijibu bila ya kuinua uso. "Mie si kizuka. Siku zangu tatu za matanga zilikwisha."

"Hakuna aliyekulaumu."

Akaligeukia pazia. Sauti yake ilikuwa ile ile, ya mtu anayeuliza njia.

"Bi, mtoto wa lile kasha anafunguliwa vipi?"

"Nani kakwambia lina mtoto?"

"Aliyeliuza alimfungua mbele ya dalali."

"Haiwezekani. Wanaojua kumfungua ni wawili tu ulimwengu mzima. Mie na..."

Tasbihi ilinyamaza.

"Wewe na nani, Bi?"

Inspekta aliinama kidogo kuelekea pazia.

"Aliyemfungua alisema, hapa ndipo nilipokuwa nikiwekewa kashata. Wewe na nani?"

Sichana alikuwa bado amepiga magoti, vigae vimejaa mkononi, kahawa inamlowanisha kanga. Aliogopa mirathi, ndiyo yote. Aliogopa kaka wa mkekani asije akachukua mafungu mawili ya kasha la utotoni mwake, akaliwahi, akaliuza. Kaiba kitu chake mwenyewe.

"Mie na marehemu," ilisema sauti ya nyuma ya pazia.

"Marehemu alikuwa ameshazikwa."

"Nimechoka, mwanangu. Njoo kesho asubuhi."

Ushahidi ulikuwa umetimia. Angeweza kumchukua Sichana saa ile, akampeleka Kiponda, Msabah akaisikia sauti yake na kuuona mkono wake, kesi ikafungwa. Lakini mtu hamkokoti binti katika nyumba ya kizuka, mama anasikia na mtaa unatazama. Hivyo ndivyo alivyolelewa Tumbatu. Aliaga kwa heshima, akashuka ngazi, na kwa adabu yake hiyo akawaachia usiku mzima.

*

Asubuhi hakuwahi hata kukaa.

"Mtoe Muhiddin," ilisema sauti ya nyuma ya pazia. "Kasha nimeuza mwenyewe."

"Bi Mkubwa, umo ndani ya eda."

"Nlitoka."

"Na Muhiddin umemshitaki kwa nini?"

"Kwa chuki. Andika hivyo. Tokea mdogo simpendi, na Mungu anajua."

Hilo, Inspekta alifikiri, pengine lilikuwa kweli, na ndilo lililomkera zaidi. Kweli moja ndogo imetiwa ndani ya uwongo ili uwongo usimame.

"Ulipomfungua mtoto wa kasha, ulisema nini?"

"Nlisema, hapa ndipo nilipokuwa nikiwekewa kashata."

Neno kwa neno. Jana alikuwa ameyasema yeye mwenyewe hayo maneno, kwa kinywa chake, mbele ya pazia hili hili. Kosa la askari mgeni! Alijikasirikia mpaka masikio yakamwaka moto.

"Kasha ni lako, Bi. Nani tena akuwekee wewe kashata?"

Alidhani hapo atakwama. Sauti ikarudi laini, ya mtu anayekumbuka.

"Marehemu. Nlipoolewa nlikuwa mdogo wa umri, na mama yake alikuwa mkali, hata kula nikiogopa. Akirudi sokoni akiniwekea mle. Kisha usiku akinambia, nenda katazame. Yaliyomo ndani ya nyumba za watu huyajui, mwanangu."

Inspekta hakuwa na swali la kulivunja jibu lile. Huenda lilikuwa kweli. Huenda mama naye alikuwa akiwekewa, kisha akamwekea binti, na kasha likawa na watoto wawili mmoja baada ya mwengine.

"Aliyekuja mnadani alikuwa na hina," alisema.

"Huniamini. Tazama basi."

Pazia lilitikisika, na mkono ukatoka. Ulikuwa mkono mwembamba wa mwanamke mzee, mishipa imesimama, umetiwa hina kutoka kwenye kucha mpaka kifundoni. Rangi yake ilikuwa ya embe bivu. Baina ya vidole palikuwa na makapi makavu ambayo hayajaoshwa vizuri, na harufu mbichi ya majani ikajaa chumbani. Mume hajatimiza arubaini. Inspekta aliona haya kuutazama, akautazama, maana ndiyo kazi yake.

"Hina hii ya lini, Bi?"

"Ya kabla ya mnada."

"Bado mbichi."

"Mikono ya wazee haikozi haraka."

"Bi Mkubwa," alisema, na kwa mara ya kwanza alisahau kuisawazisha sauti yake, "mji huu unaujua. Watasema mumeo hajapoa kaburini na wewe ushatoka kwenda kujiuza mnadani na mikono ya bibi harusi. Watalisema hilo mpaka ufe. Sema neno moja la kweli, na leo hii nalizuia kasha lisipande meli. Jioni liko chumbani mwako."

Mkono ulirudi polepole nyuma ya pazia.

"Likirudi," alisema Bi Mwanapili, "nimpe nani?"

Tasbihi ikaanza tena. Inspekta alingoja, ingawa alijua kwamba hakuna la kungojwa. Madai yamefutwa. Mchana Muhiddin ataachiliwa na kwenda zake Kizimbani na kinyongo chake, sasa kikiwa na haki. Jumamosi kasha litapanda meli, na Mzungu asiyejua kama kuna mtoto atatia ndani yake mablanketi.

Sichana alikuwa mlangoni chini. Mikono yake leo ilikuwa wazi. Ilikuwa imesuguliwa kwa ndimu na mchanga mpaka ngozi imechubuka, na kucha zimekatwa mpaka kwenye nyama.

"Nani kamtia hina mama yako?" Inspekta aliuliza.

"Mie. Kanambia nimtie. Nlilia, kanambia nyamaza, utaharibu. Kanambia nitie mpaka kifundoni, Bwana Inspekta apate kuona vizuri."

Sheria haikuwa na la kumwambia, na tusi lililomjia Inspekta mdomoni alilimeza.

Mlango ulisukumwa. Aliingia Bi Mwanakhamis, jirani wa nyumba ya pili, na bakuli la ubwabwa wa kizuka limefunikwa kawa. Alifika mguu wa ngazi, akasimama. Akavuta pumzi mara mbili, akiinua pua kuelekea juu.

"Ee, Sichana," alisema. "Hina hiyo yanukia. Katia nani?"

Inspekta alisimama kizingitini, mguu mmoja nje. Sichana alimtazama yeye, akatazama mikono yake iliyochubuka, akaificha nyuma ya mgongo.

"Mama," alisema.

Bi Mwanakhamis alilisawazisha kawa juu ya bakuli, akageuka, akarudi nalo kwake.